Jiko Juu ya Madhabahu

Kwa muda mrefu watu wa Naitiri walikataa kuiita nyumba. Walisema "kule kanisani kwa Nelima," na mwenyewe akiwasahihisha waliitikia kwa adabu, kisha kesho yake wakasema vilevile. Huwezi kuwalaumu. Nusu yao walibatizwa mle ndani, wengine walifungia ndoa mle, na yale mabati mekundu ya paani waliyachangia wao wenyewe baada ya kuuza mahindi. Lakini waumini waliongezeka, wakajenga kanisa jipya pale sokoni, lenye nguzo mbele na vipaza sauti vinavyosikika mpaka ng'ambo ya mto, na lile la zamani likabaki juu ya kilima na popo wake. Kamati ikakaa, ikaamua liuzwe pamoja na kipande chake cha ardhi. Aliyejitokeza kulinunua alikuwa mtu mmoja tu, mwanamke mpishi aliyestaafu.

Nelima alizaliwa Matulo, karibu na Webuye, lakini miaka yake ya nguvu aliimaliza Kitale, jikoni mwa shule moja ya bweni ya wasichana. Alipikia wasichana mpaka wengine wao wakaleta binti zao, akawapikia na hao. Jiko kubwa lina kelele, kwa hiyo alizoea kusema kwa sauti, hata akiwa anakusengenya. Alipostaafu kila mtu alidhani atarudi Matulo akae karibu na kaka yake Wanyonyi, au ajenge vyumba vya kupangisha mjini kama wenzake wenye akili. Yeye akanunua kanisa. Watu wakacheka wakasema labda ameoteshwa ndoto, anataka kufungua dhehebu lake, na siku hizi hilo si jambo la ajabu. Nelima aliwaacha wacheke, kwa sababu sababu yenyewe haikuwa ya kutangazwa.

Sababu ilikuwa Nabwile, mtoto wake wa pekee. Baba yake Nabwile alikuwa mchuuzi wa mifugo wa Chwele, hodari wa kutaja bei ya kila ng'ombe sokoni, lakini mimba ilipoonekana hakuna ng'ombe hata mmoja aliyefika Matulo. Akaoa kwingine. Nabwile akalelewa Kitale, akawa fundi wa cherehani, mshonaji wa sare za shule, mcheshi, mpenda watu, na hakuolewa. Kisha figo zake zikagoma. Mara mbili kila wiki alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja mjini, na alipotoka pale alikuwa mchovu kiasi cha kushindwa kufunga viatu.

Sasa, kwa Wabukusu, mtu huzikwa kwake. Mwili hulala usiku mmoja ndani ya nyumba ya marehemu, hutolewa kwa mlango wa mbele, na kaburi huchimbwa mbele ya nyumba, penye heshima. Mtoto ambaye baba yake hakulipa mahari ni mgeni kwa baba na ni mgeni kwa mama. Nelima alikuwa msichana mdogo wakati shangazi yake mmoja, aliyerudi kutoka kwa mume, alipofia Matulo. Hakuwa na nyumba, basi walimpitisha nyuma ya vibanda wakamfukia kando ya ua, haraka haraka, hata wimbo haukuisha. Baadaye ua ukasogezwa, na njia ya ng'ombe ikapita palepale. Tangu figo za Nabwile zigome, Nelima akifumba macho aliona ile njia ya ng'ombe. Akaapa kwamba mtoto wake atakuwa na nyumba yenye jina lake, atolewe kwa mlango wa mbele kama mtu mwenye kwao. Lakini utamwambiaje mtoto aliye hai jambo kama hilo? Alimwambia tu, "Nataka uwe na mahali pako pa kushonea, pasipo kelele ya mwenye nyumba."

Nabwile akacheka. "Ati kanisa, mama? Si nitashona nikiimba sasa."

Fundi aliyeajiriwa aliitwa Kibe, mtu wa Kitale, ambaye babu yake alikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri akitafuta shamba akalipata. Kibe alikuwa fundi mzuri, lakini kanisa lilimsumbua. Kila alipoingia alivua kofia. Wasaidizi wake wakikosea kuchanganya simiti, aliwaita kwanza nje, akawatukana huko, kisha akarudi nao ndani wakiwa wapole. Kuta za kugawanya vyumba zilipanda vizuri, sebule ikapatikana, vyumba viwili vya kulala vikapatikana. Shida ilikuwa madhabahu. Ilikuwa jukwaa la mawe na simiti lililoinuka magotini, wazee walilijenga kana kwamba Yesu mwenyewe angesimama pale na uzito wake wote. Walipoanza kulivunja, ukuta wa nyuma ulipata ufa. Kibe akasimamisha nyundo.

"Hii tukiitoa, ukuta inakuja na sisi, Mama Nabwile," alisema. "Iache. Weka juu yake kitu ya heshima. Kabati ya vikombe, ama kiti ya wageni."

Nelima akampigia bintiye simu. Nabwile alikuwa kitandani kando ya mashine, akaomba atumiwe picha. Akaitazama kwa muda, kisha akasema jiko liwekwe pale pale juu. Madirisha mawili ya nyuma yalikuwa na mwanga mzuri, na mpishi akisimama juu angewaona wageni wote sebuleni. "Wewe umepika maisha yako yote ukiwa umefichwa huko nyuma," alimwambia mama yake. "Acha upike ukionekana."

Kibe aliposikia alikaa chini juu ya mfuko wa simiti. Alisema kwamba yeye ana watoto, kwamba hatajenga jiko la kuni mahali mchungaji alipokuwa anabariki meza ya Bwana, na kwamba hata kwa pesa mara mbili hatajenga. Nelima akamuuliza kama Bwana aliwahi kukataa chakula. Kibe akafikiri, akalijenga. Lakini alilijenga akiwa na kofia mfukoni, na hakupiga mluzi hata mara moja.

Jumapili zilikuwa na mgeni wake. Mzee Wakhungu, aliyekuwa mzee wa kanisa tangu enzi za benchi za magogo, hakuvipenda vipaza sauti vya kule sokoni. Kila Jumapili alipanda kilima na bakora yake, akaingia bila kubisha, akaketi upande wa kulia, upande wa wanaume, karibu na dirisha alilolizoea. Kwamba palikuwa pamewekwa kochi mahali pa benchi hakukumsumbua. Alisali kimoyomoyo, akanywa chai aliyoletewa, akashukuru, akaenda. Nelima alimchukulia kama sehemu ya vitu alivyouziwa.

Jumapili moja alimkuta mzee akiangalia dari. "Nelima, umefanya kazi," alisema. "Lakini hii bado ni kanisa."

"Vyumba viko, mzee. Vitanda viko."

"Wewe umeongeza ukuta tu. Nyumba ni mahali mwenyewe amewasha moto, akapika, akala, akalala. Hapa moto haijawashwa. Na umesema nyumba ni ya msichana. Basi ni mkono yake ndiyo itawasha."

Nelima aliweka sinia chini. Akauliza, kwa sauti ndogo isiyo yake, kama mwenye nyumba akifa kabla hajapika ndani yake itakuwaje. Mzee hakujua anaulizwa nini hasa. Alijibu kama mtu anayejibu swali la kanuni, akapuliza chai yake. "Hapo atakuwa ametolewa kanisani tu. Kila mtu hutolewa kanisani. Si kutolewa kwake."

Neno lile lilimwingia Nelima na halikutoka. Tangu siku hiyo hakuwa na haraka nyingine duniani. Aliamka na Kibe, akalala na simiti kwenye nywele. Kitale alikwenda, ndiyo, siku za mashine, lakini alifika amechelewa na suruali ya kazi chini ya leso, akaketi kidogo ukingoni mwa kitanda, akaonyesha picha za milango, kisha akainuka. Muuguzi Chesang, msichana mpole aliyemhudumia Nabwile, alimwambia mara moja pale mlangoni, "Mama, huyu ukienda huwa anauliza utarudi saa ngapi." Nelima akasema atarudi mafundi wakimaliza kupiga rangi.

"Si leo ukae tu," Nabwile alimwambia siku moja, amemshika kidole kama mtoto. "Kila siku ni simiti. Mimi sijakuambia nataka milango ya mbao."

"Nikimaliza tutakaa mpaka unichoke."

Nabwile akamwachia kidole. Alianza kushona mapazia kwa mkono, palepale kitandani, kwa sababu madirisha ya kanisa ni marefu na hakuna duka linalouza pazia la urefu ule. Aliunganisha vitambaa vilivyobaki vya sare za shule mbalimbali, kijani kwa bluu, bluu kwa maruni. Wagonjwa wenzake walimwuliza anashonea nani joho.

Nyumba ilipokamilika, daktari aliruhusu Nabwile aende nyumbani kwa siku mbili kati ya mashine na mashine. Chesang alimrudia Nelima maneno yaleyale mara tatu: maji kidogo, chumvi hapana, na Alhamisi asubuhi awe amefika. Nelima aliitikia. Alikodi gari dogo lenye kiti kizuri, akamfunika mtoto miguu na shuka.

Nabwile alipofika mlangoni aliingia moja kwa moja akashika upande wa kushoto, upande wa wanawake, kisha akajikuta amefanya hivyo, akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Alizunguka kila chumba. Aligusa mbao, akagusa vitasa, akasimama mbele ya jukwaa na jiko lake jipya jeupe, akasema Kibe huyu ni fundi. Nelima alimfuata nyuma na kifua kimejaa. Alitaka wapike wakati uleule. Lakini majirani walikuwa wameona gari. Wanawake wa kijiji walipanda kilima na sufuria zao za chakula kilichokwisha kuiva, wakaimba, wakamwombea, wakamwombea tena, na kila mmoja alitaka kumsimulia mgonjwa habari ya mgonjwa mwingine aliyepona. Walipoondoka Nabwile alikuwa amelala kochini na viatu vyake.

Siku ya pili hakuamka vizuri. Miguu ilikuwa imevimba, akalala, akaamka, akanywa chai robo kikombe, akalala. Nelima alipanga kuni, akazipangua, akazipanga. Jiko lilikaa jeupe vilevile.

Alhamisi kulipambazuka kukiwa na ukungu. Gari lilikuwa limeshaagizwa. Nelima alisimama katikati ya sebule na simu mkononi, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo hajaacha kulifanya upya kichwani. Alimpigia dereva akamwambia aje kesho.

"Mama, leo ni ya mashine," Nabwile alisema kutoka kochini.

"Tutaenda kesho asubuhi na mapema. Siku moja tu. Leo upike kidogo, hata kama ni ugali ya watu wawili."

"Kwa nini leo?"

Nelima alijaribu kusema juu ya baraka, juu ya desturi ya nyumba mpya, maneno yakamgongana mdomoni. Nabwile alimwangalia tu, bila hasira. Uso wake ulikuwa umejaa maji, macho yamekuwa madogo, lakini yalikuwa macho yaleyale ya mtoto aliyekuwa akimngoja nje ya jiko la shule.

"Ni ya kuzikwa, ama?" alisema. "Mama, mimi najua kwa nini ulinunua hii nyumba. Nilijua tangu ulisema kanisa."

Nelima akakaa sakafuni. Alilia kwa sauti, mwanamke mzima, akasema mambo yote: shangazi, ua, njia ya ng'ombe, neno la mzee Wakhungu. Nabwile alimwacha amalize. Kisha akafungua kinywa kama anayetaka kusema kitu, akakifunga. Akamshika mama yake bega akainukia hapo.

"Haya basi," alisema. "Leta unga."

Alipanda jukwaani kwa kushikwa mkono. Alipiga kiberiti mwenyewe. Kuni zilikuwa kavu, moto ukashika, na moshi kidogo ukajaribu dohani mpya ya Kibe ukapata njia. Nelima alishikilia sufuria, Nabwile alishika mwiko kwa mikono miwili, akasonga, akapumzika, akasonga. Alitazama sebule iliyokuwa tupu akasema, "Mkutano wote umesimama, hakuna wa kutoa sadaka." Walikula ugali na mboga ya mrenda wakiwa wameketi kwenye ngazi ya madhabahu, sahani magotini. Waliongea habari za wasichana wa shule, yule aliyeficha mikate ndani ya godoro, yule mwalimu aliyeogopa kuku. Mama na mtoto hawakuwa wamekaa pamoja hivyo tangu ugonjwa uanze. Ilikuwa siku nzuri, na Nelima alifurahi, alifurahi kweli, na furaha hiyo ndiyo inayomchoma kuliko kitu kingine chochote.

Alfajiri Nabwile hakuweza kupumua akilala, wala akikaa. Gari lilikimbia mpaka Kitale. Wakamweka oksijeni, wakamweka kwenye mashine, wakahangaika naye siku nzima. Safari hii Nelima hakuinuka ukingoni mwa kitanda kwenda popote. Alikuwa amemshika mkono jioni ile mkono ulipolegea.

Alimwuliza Chesang pale kwenye benchi la wageni, kama ile siku moja ingebadili kitu. Chesang angeweza kudanganya. Alisema, "Mama, alikuwa mgonjwa sana. Pengine ingemsaidia. Kusema ukweli, sijui." Kisha akalia naye.

Wanyonyi alikuja Naitiri na gari lake kutoka Matulo, pamoja na wazee wawili wa ukoo, na nyuma yao kundi la vijana wenye majembe, wa pale pale kijijini, waliokuwa wameitwa na majirani. Nelima aliwangoja sebuleni. Kichwani alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kortini. Hawajakaa vizuri akaanza: kwamba hii ni nyumba ya Nabwile, kwamba alilala ndani yake, kwamba aliwasha moto kwa mkono wake mwenyewe na akapika, na majivu yako pale juu, anayetaka aende aangalie, na kwamba hakuna mtu atakayempeleka mtoto wake kando ya ua.

Wanyonyi ni mtu mzito wa kusema, mkulima, ulimi wake haujawahi kuelewana na herufi zote. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho.

"Nani amesema kando ya ua?" aliuliza.

"Shangazi..."

"Hiyo irikuwa wazee wa zamani, dada. Wamekufa wote. Wewe urikaa Kitale, hukuniuriza." Alivua kofia akaishika magotini. "Mimi niritenga mahali. Kando ya mama yetu, pale kwa migomba. Tangu msichana ashikwe na figo. Arikuja Matulo Krismasi, nikamwonyesha, kwa sababu ariniuriza mwenyewe. Akasema, khocha, hapa ni pazuri." Nabwile alimwita mjomba wake hivyo, kwa Kibukusu, tangu alipojua kusema.

Nelima alimtazama kaka yake kana kwamba anasema lugha ya mbali. "Krismasi? Mbona hakuniambia?"

"Arikataa uambiwe. Arisema ukijua kuna pa kumzika, utaacha kujenga. Arisema yeye hatakaa sana kwa hiyo nyumba, lakini wewe utakuwa na kwako, usizeekee kwa watu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nikadhani mmeshaongea."

Mmoja wa wazee alikohoa. Nelima aliona tena kile kinywa kilichofunguka na kufungwa asubuhi ya Alhamisi, akajua sasa ni neno gani lililokuwa ndani yake, na kwa nini mtoto alilimeza akaomba unga.

"Nilimkosesha mashine," alisema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa, "kwa ajili ya kaburi alilokuwa nalo tayari."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisemeje sasa, Wanyonyi? Nifundishe."

Wanyonyi alitazama kofia yake. Nje vijana walikuwa wameketi kwenye nyasi wakingoja kuonyeshwa mahali pa kuchimba, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuwaonyesha ila mama. Nelima alisimama polepole, akashika mgongo wa kiti, akaenda mpaka mlango wa mbele akaufungua. Aliwaambia asante kwa kuja. Aliwaambia mwili utalala humu usiku mmoja, kwa sababu mwenyewe alipika humu, na kesho yake watautoa kwa mlango huu. Kisha akawaambia wapakie majembe kwenye gari la Wanyonyi, wakachimbe Matulo.